Kuvusha Mchaichai na Mrehani Kipupwe Kizima: Mwongozo kwa Wenye Nyumba na Wapangaji wa Kiseke

Masika yakishakata, majani ya mchaichai kwenye nyua za Kiseke, hapa Mwanza, huanza kukauka kutoka nchani. Juni ikiingia, mrehani umebaki vijiti, mnanaa umejikunja chini ya bomba ambalo nalo lina siku zake za kutoa maji, na chai ya rangi imerudi kuwa majani ya chai na sukari tu. Ukiuliza, utaambiwa ni baridi ya kipupwe.

Si baridi. Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, na usiku wa Julai joto hushuka hadi kama nyuzi 16 au 17 za Selsiasi. Hapo mtoto atavalishwa sweta, lakini mchaichai hautajua kama kumetokea kitu. Hata mrehani, ambao ndio mwepesi zaidi kudhurika, huanza kuungua majani joto likishuka chini ya nyuzi 10, na ndani ya Kiseke nyuzi hizo zipo mahali pamoja tu: kwenye friji. Ndiyo maana mrehani uliofungwa kwenye mfuko na kuwekwa humo leo, kesho hutoka mweusi. Uweke kwenye glasi ya maji juu ya meza, utakaa siku nyingi.

Kinachoimaliza mimea hii ni ukavu. Julai ndio mwezi wenye mvua chache kuliko yote. Upepo wa kusini mashariki unaovuma wakati huu umekwisha kupita nchi kavu kwa mamia ya kilomita kabla ya kutufikia. Udongo wenyewe wa miteremko yetu, ule ambao Wasukuma huuita luseni, ni mchanga uliotokana na kuchakaa kwa mawe ya matale yaliyoizunguka Mwanza nzima. Unamwaga ndoo asubuhi, jioni unakanyaga vumbi. Na vumbi hilo hupanda juu ya majani likaziba pumzi yake.

Kwa hiyo mimea tunaiingiza ndani, na "ndani" nina maana ya dirisha la jikoni, kibaraza, korido yenye mwanga, popote ambapo ukuta unazuia upepo. Lengo ni kuivusha toka Juni hadi vuli ya Oktoba, tena kwa maji ambayo umeshayalipia na kuyatumia mara moja.

DIRISHA LIPI?

Mtu akikushauri uweke chungu dirishani, muulize dirisha lipi, na mwezi gani. Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa Ulaya na Marekani, navyo vinasisitiza dirisha la kusini. Ukiufuata ushauri huo Kiseke mwezi Julai, utakuwa umeupeleka mmea gizani. Tangu katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua letu la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini. Tarehe 21 Juni limeinama karibu nyuzi 26 kutoka utosini kuelekea kaskazini. Ukuta wa kusini wa nyumba yako haulioni kabisa mchana huo; ule wa kaskazini ndio unaolipata. Oktoba mambo hugeuka.

Kama hujui kaskazini ya nyumba yako iko wapi, simama asubuhi jua linalochomoza likiwa mkono wako wa kulia. Unakotazama ndiko.

Dirisha la mashariki linafaa mwaka mzima kwa mimea isiyopenda kuchomwa: mnanaa na giligilani. La magharibi ni kali, kwa sababu jua la saa tisa huupasha ukuta wa saruji moto ambao unakaa mpaka usiku. Hapo weka mchaichai au rozmari, vingine vitakulaumu. Angalia pia kingo ya paa. Nyumba nyingi zimejengwa na kingo ndefu za kukinga mvua, na jua la mchana likizuiwa na kingo hiyo, dirisha la kaskazini linabaki kaskazini kwa jina tu. Toka nje saa sita uone kivuli cha paa kinaishia wapi. Kama kimelimeza dirisha lote, teremsha vyombo vyako sakafuni, kwenye ukingo wa nje wa kibaraza, ambako jua linafika.

Kipimo cha mwanga hakihitaji chombo. Shika mkono wako kiasi cha sentimita 30 juu ya mmea wakati wa mchana. Kivuli chenye vidole vinavyohesabika kinatosha mrehani. Kivuli cha ukungu kinatosha mnanaa. Kama hakuna kivuli, hapo panafaa maua ya plastiki.

Jambo moja ambalo watu hulisahau ni wavu wa mbu. Wavu mpya hupunguza mwanga. Wavu wenye vumbi la miezi mitatu ni pazia. Uoshe mwanzoni mwa Juni, na tena mwanzoni mwa Agosti. Na kila unapomwagilia, zungusha chombo robo ya mzunguko, ama sivyo mmea wote utaegemea kwenye kioo.

CHOMBO NA UDONGO

Usinunue vyungu. Ndoo ya rangi ya lita 10 au 20 iliyosuguliwa vizuri, dumu la mafuta ya kula lililokatwa shingo, hata sufuria lililotoboka, vyote vinafaa. Chombo cha mchaichai kisipungue lita 10. Giligilani inataka kina cha sentimita 20 hivi kwa sababu ya mzizi wake mrefu. Mnanaa unataka upana kuliko kina. Pasha msumari moto utoboe matundu matano au sita chini. Chombo kisicho na tundu ndani ya nyumba ni kaburi la mmea, na wengi huogopa kutoboa kwa sababu ya sakafu. Weka kisahani chini yake, kisha nusu saa baada ya kumwagilia mwaga kilichotuama. Maji yakiachwa kwenye kisahani kwa wiki moja na ushee, utakuwa umewafugia mbu mahali salama, ndani ya nyumba yako, karibu na kitanda.

Kwa udongo, chukua sehemu mbili za udongo wa uani na sehemu moja ya samadi iliyooza mpaka haina harufu. Mwongozo wa kawaida utakuambia uongeze mchanga. Kama unakaa mteremkoni, wako ni mchanga tayari, usiongeze. Badala yake nenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga uombe pumba, uziunguze nusu nusu ziwe nyeusi bila kugeuka majivu, uchanganye sehemu moja. Hizo huufanya udongo ushike maji bila kushikana. Wa bondeni wenye mfinyanzi mweusi wa mbuga, nyinyi ndio muongeze mchanga na pumba kwa wingi.

Wapo wanaotumia gugumaji la ziwani kama mboji au matandazo. Kwa maua sina neno. Kwa mmea utakaounywa kwenye chai, acha: gugumaji lina tabia ya kufyonza madini mazito kutoka kwenye maji machafu, na hujui lako limeota karibu na mfereji gani.

MIMEA YENYEWE

Mchaichai ndio rahisi kuliko yote, na ndio unaotendewa vibaya kuliko yote. Usiling'oe shina lote la uani ukalibeba. Chimba pembeni, chomoa vitako vitatu au vinne vyenye mizizi, kata majani yabaki kama viganja viwili kutoka chini, panda kwenye ndoo. Ukikosa wa kuchimba, nunua sokoni, lakini chagua kwa jicho: mwambie muuzaji akupe mashina yenye kitako kizima, kile kivimbe cheupe cha chini kisichokatwa. Bila kitako hayatatoa mizizi hata uombe. Weka shina kwenye glasi yenye maji ya vidole vitatu, badilisha maji kila baada ya siku mbili, na ndani ya wiki mbili au tatu utaona nyuzi nyeupe. Zikifika urefu wa kidole, panda.

Katika kipupwe mchaichai unapunguza mwendo. Usiulazimishe. Kikombe kikubwa cha maji, nusu lita hivi, kila siku ya tatu au ya nne kinatosha ndoo ya lita 10. Ncha za kahawia zikate kwa mkasi, na uvae kitu mkononi, majani yake yana makali yanayochana bila kukuarifu. Ukivuna, anza na mashina ya nje, uyavunje toka chini, yale ya katikati yaache yaendelee. Shina moja lililopondwa kwa mwiko linatosha birika la watu wanne, na likiwekwa tumboni mwa sato kabla hajapelekwa jikoni, pamoja na kitunguu saumu na fungu dogo la giligilani, utaelewa kwa nini nakusumbua na habari ya madirisha.

Mrehani una shida ya aina nyingine: umri. Ukishatoa maua na mbegu, kazi yake duniani imekwisha, na hakuna dirisha litakalourudisha. Kwa hiyo kata kila kichwa cha ua kikianza kujitokeza, kata juu ya pale majani mawili yanapotazamana, matawi mawili yatachipua hapo. Na usitegemee mmea mmoja uvuke miezi minne. Mwezi Juni kata vipande vya kama sentimita 10 kutoka kwenye tawi lisilo na maua, toa majani ya chini, viweke majini. Wiki moja hadi mbili vina mizizi. Rudia Agosti kwa kukata kutoka kwa watoto hao. Hivyo familia inaendelea ingawa mzazi amekufa. Wenyeji wa Pwani waliohamia Mwanza watataka zaidi ya majani ya mchuzi. Kikuba, kile kifungu cha maua na majani ya kunukia, bila mrehani si kikuba, na asmini yake nayo hukubali kukaa kwenye ndoo, ingawa hiyo inataka jua kamili na makala yake peke yake.

Kivumbasi ni ndugu wa mrehani, mgumu kuliko yeye, mwenye harufu inayofika mlangoni kabla yako. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, aina mojawapo wanaiita mujaaja na kuitia kwenye chai. Huku kwetu sifa yake kubwa ni kufukuza mbu. Majani yakisuguliwa au yakitupwa kwenye makaa harufu hutoka kwa nguvu na mbu hupungua kwa muda. Mmea uliokaa kimya dirishani hautoi harufu ya kutosha kumzuia yeyote. Chandarua kibaki mahali pake.

Mnanaa unakunywa. Ndio pekee katika orodha hii ninaokushauri uumwagilie karibu kila siku, kikombe kimoja kidogo, udongo usikauke kamwe. Kwa upande mwingine usiku wetu wa kipupwe unaupendeza, na huu ndio msimu wake wa majani manene. Upe chombo chake peke yake. Mashina yake hutambaa juu na chini ya udongo, na ukiuchanganya na mrehani, kufikia Septemba utakuwa na mnanaa tu.

Giligilani vilevile hufurahia kipupwe. Kwenye joto hukimbilia kutoa maua. Usitafute pakiti ya mbegu. Chukua giligilani nzima ya dukani, ile ya viungo ambayo haijakaangwa, ibiringishe juu ya ubao kwa chupa bila kuisaga. Kila kipunje ni mbegu mbili zilizoshikana, nazo zitaachana. Loweka usiku mmoja, panda moja kwa moja kwenye chombo kitakachokaa, kwa sababu haipendi kuhamishwa. Subira ya wiki mbili, wakati mwingine tatu. Panda kiasi kidogo kila wiki ya tatu ili kachumbari isikose.

Tangawizi na manjano, kama unazo, majani yake yatageuka ya njano kuanzia Juni. Hazifi, zinalala. Acha kumwagilia, sogeza ndoo pembeni kusiko na mwanga hata kidogo ukipenda, usiifukue kila wiki kuangalia kama zipo. Rozmari nayo watu huiua kwa wema: subiri udongo ukauke kabisa ndipo uipe. Iliki na vanila waachie wenye hali ya hewa yao. Vanila hustawi Kagera, huko Bukoba, lakini humchukua mkulima kama miaka mitatu kuona ua, na ua lenyewe huchavushwa kwa mkono; hiyo si shughuli ya dirisha la jikoni.

MAJI YA JIKONI

Mgao ukibana, hakuna atakayekubali ndoo ya maji safi iende kwenye mrehani. Wala haina haja. Familia inayopika wali au ugali na mboga kila siku inamwaga lita kadhaa zinazofaa. Maji ya kwanza na ya pili ya kuoshea mchele ni mazuri, ila yatumie siku hiyohiyo. Yakilala yanachacha, na udongo uliomwagiwa maji yaliyochacha huvutia visubi vidogo vyeusi vinavyozunguka chai yako. Maji ya kuoshea mchicha, matembele na nyanya ni bora zaidi. Maji uliyochemshia mayai au viazi bila chumvi yanafaa yakishapoa.

Yasiyofaa: yenye chumvi, yenye sabuni ya vyombo na mafuta, yenye maziwa. Na maji ya kuoshea dagaa. Najua yanasifiwa kuwa ni mbolea, na uani chini ya mpapai ni kweli yanasaidia. Ndani ya nyumba yatakuletea nzi, sisimizi na paka wa jirani, na wiki nzima wageni watauliza kwa adabu kama kuna mfereji umeziba.

Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka na udongo uliogandia, ahirisha. Ukishazoea, inua tu ndoo upande mmoja, uzito utakuambia. Mwagilia asubuhi, kwenye udongo, si juu ya majani. Mimea mingi ninayoonyeshwa ikiwa imekufa ndani ya nyumba haikufa kwa kiu, ilizamishwa na mtu aliyekuwa akiihurumia kila alipopita.

WADUDU

Ukavu na vumbi ndio karamu ya utitiri. Utawajua kwa madoa madogo ya manjano juu ya jani na utando mwembamba chini yake. Geuza chombo, nyunyizia upande wa chini wa majani kwa maji kila baada ya siku tatu, wanachukia unyevu. Vidukari na inzi weupe wanahitaji sabuni: kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, nyunyiza jioni, suuza asubuhi. Dawa za dukani za nyanya na kabichi usizilete kabisa kwenye mmea ambao majani yake unayachuma leo na kuyanywa leo.

KWA ALIYE UGHAIBUNI

Kila familia hapa ina mtoto au shangazi aliye Ulaya anayeomba abebewe mche. Usibebe. Tangu Desemba 14, 2019, Umoja wa Ulaya unamtaka msafiri awe na cheti cha afya ya mimea kwa takribani kila mmea, tunda na mboga mbichi. Yaliyosamehewa ni nanasi, nazi, duriani, ndizi na tende. Mwambie aende kwenye duka la Waasia, achague mchaichai wenye kitako, na afuate habari ya glasi kama nilivyoeleza.

Kwake adui ni mwingine. Sisi saa 12 za mchana tunazo mwaka mzima bila kuziomba. Siku fupi kuliko zote ya Desemba, London haifikishi saa nane za mchana, Oslo haifikishi sita. Huko dirisha la kusini ndilo sahihi kweli, na hata hilo halitoshi mrehani. Anunue taa ya mimea, aiweke sentimita 20 hadi 30 juu yake, iwake saa 12 hadi 14. Mchaichai auingize ndani kabla usiku haujashuka nyuzi 10, aupunguze ubaki sentimita 15 au 20, auweke mbali na hita, na amwagilie kidogo sana mpaka Machi.

VULI IKIINGIA

Mwishoni mwa Septemba, hata kabla ya mvua, utaona dirisha la kaskazini limeanza kukosa jua la mchana. Hiyo ndiyo ishara ya kuhama. Usitoe vyombo vyote nje siku ya mvua ya kwanza. Majani yaliyokaa nyuma ya kioo miezi minne yatababuka kwa jua la mchana. Toa asubuhi, rudisha kibarazani saa nne, fanya hivyo kwa wiki moja, halafu acha nje moja kwa moja.

Ndoo ya mchaichai ipindue, ugawe vitako, upande kwa umbali wa sentimita 60 kwa kufuata mstari unaokata mteremko, hasa pale maji ya mvua yanapopita kasi na kukuachia makorongo. Mizizi yake itashika luseni ambayo kila mwaka huteremka na maji. Tangawizi ichunguze juu tu: ukiona kichomozo cha kijani, anza kumwagilia. Mrehani wa tangu Juni usihangaike nao tena. Ung'oe, majani mazuri yaende jikoni, kijiti kiende kwenye mboji, na wajukuu wake ndio wapandwe uani.